Dola 25 za Ate

Lile kopo la biskuti la bati, la bluu, la mviringo, nadhani hakuna nyumba ya pwani isiyokua nalo, unalifungua roho iko kwenye biskuti unakuta sindano na nyuzi na vifungo vya mashati ambayo mwenyewe alishafariki zamani. Ate alikua nalo hilohilo, huko Muscat, chini ya kitanda, ila la kwake halikua na sindano, lilijaa makaratasi. Risiti, vishina vya tiketi za ndege, kopi za kontrakti zilizokunjwa mara nne mpaka zimekatika kwenye mikunjo, picha za pasipoti za enzi zile ana mashavu. Nlikua namcheka sana. Namwambia Ate, we unatunza risiti kama mtu anatunza hirizi. Ananijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza jikoni, "Karatasi hali chakula, Inday. Muache alale."

Nieleze kidogo. Ate sio jina lake, ni dada mkubwa kwa Kifilipino, na linatamkwa hivyohivyo kama sisi tunavyolisoma, a-te. Inday ndo mtu wa kwao Iloilo anavyomwita binti aliye mdogo kwake. Majina yetu ya kwenye pasipoti tuyaache hukohuko. Nyumba tuliyokua tunafanya kazi ilikua ya Waomani waliotoka Zanzibar, bibi mwenye nyumba kazaliwa Unguja akaondoka na wazazi wake baada ya 1964 akiwa binti mdogo, kwa hiyo mle ndani Kiswahili ndo lugha ya jikoni na ya ugomvi, Kiarabu kinatoka wakija wageni. Ate kaingia pale 2011 hajui hata neno moja. Mi nafika 2015, nimechoka na safari, macho mekundu, nafunguliwa mlango na Mfilipino ananiambia "Karibu mwanangu, ushakula?" kwa lafudhi ya Mjimkongwe kabisa. Nlidhani nimepotea nyumba.

Sasa hii stori ni ya hela, na hela yenyewe ndogo, nawaambia mapema msije mkasoma mpaka mwisho mkitegemea mtu kajenga ghorofa.

Kila Mfilipino anayetoka kwao kwenda kazini nje kwa njia ya halali anachangiwa au anachangia dola 25 kwenye kitu kinaitwa OWWA, yani mamlaka ya serikali yao inayoshughulika na ustawi wa wafanyakazi walioko ng'ambo. Hiyo 25 sio ya kila mwezi wala ya kila mwaka, ni ya kontrakti. Inakulinda mpaka kontrakti iishe au miaka 2 ipite, kitakachotangulia, ukienda kontrakti nyingine unalipa tena. Kwa hela ya Oman ni kama rial 9 na baisa 600 hivi. Mfuko ulianza 1977, enzi za rais wao Marcos, wakati serikali yao imeshaona watu nao ni zao la kuuza nje kama nazi (samahani, ila ndo nnavyoona mimi), na 1987 ndo ukapewa hilo jina la OWWA. Ukiwa umelipa, na kontrakti yako haijafa, ukipatwa na jambo wanakuangalia. Ukifa kwa ajali familia inapata peso laki 2, ukifa kwa maradhi laki 1, kuna elfu 20 ya mazishi, ukikwama huku ugenini wanakurudisha nyumbani, na mtoto akiwa na kichwa kizuri darasani kuna skolashipu ya chuo ya peso elfu 60 kwa mwaka.

Mtu wa Tanga kama mimi unielewe hivi, hicho ni chama cha kufa na kuzikana. Basi. Cha kwao kina tovuti na mawakili, cha kwetu kina daftari la kaunta buku lililofunikwa gazeti, maturubai mawili, masufuria makubwa manne na viti vya plastiki vilivyoandikwa kwa rangi ya mafuta ili visiibiwe, lakini akili ni ileile. Mama yangu yumo kwenye kimoja pale Makorora tangu sijaanza shule. Sio mchezo, maana kwenye mchezo leo unatoa kesho unapokea, zamu yako inakuja tu ilimradi mweka hazina hajakimbia. Sio kikoba pia, maana kikoba mwisho wa mwaka kuna gawio watu wanavaa sare. Kufa na kuzikana unatoa, unatoa, unatoa, na kila unapotoa unaomba Mungu usije ukafika siku ya kukidai.

Ndo maana Ate aliponisimulia hii habari kwa mara ya kwanza nlidhani hajui Kiswahili vizuri.

Mwaka 2016 walipitisha kwao sheria mpya ya OWWA, namba 10801, na humo ndani wakaweka kwamba mwanachama aliyekaa angalau miaka 10, na yeye mwenyewe na familia yake hawajawahi kutumia huduma wala faida yoyote ya mfuko, naye arudishiwe chochote kwenye michango yake. Hebu mfikirie katibu wa kufa na kuzikana anapiga hodi saa kumi jioni na daftari kwapani, "Mama nanihii, tumepekua huku tumeona miaka kumi yote wewe hujafiwa, hata kuuguza hujauguza, sasa kamati imekaa imeona ikupe hii." Mama yangu asingepokea. Mama angefunga mlango akaenda moja kwa moja kwa shehe kusomewa, maana mtu anayekuhesabia salama zako mpaka anajua zimefika kumi huyo hakutakii mema.

Sheria ilitoka 2016 ila zoezi lenyewe la kurudisha hela lilikuja kuanza mwishoni mwa 2019. Ate alilipata Ruwi, mtaa wa maduka humohumo Muscat. Ijumaa ndo siku yetu, tunapanda gari mpaka Ruwi, yeye anatuma hela kwao mi natuma kwetu, afu tunakaa kwenye ngazi za duka moja la Kifilipino tunakula mapochopocho yao, pale ndo redio mbao yenyewe. Kila mtu ana simu mkononi anapiga hesabu. Kontrakti moja ni miaka 2, kwa hiyo michango 5 ndo miaka 10. Una mingapi? Mi minne. Mi sita. Mi nilikua na mitano ila ule mmoja ajenti alisema kalipa nani anajua. Kulikua na mmama mmoja mtu mzima, mcheshi kweli, akasema mimi msinihesabu, mi yangu nshaila. Yeye miaka ya nyuma aliwahi kukimbia kwa bosi usiku, akahifadhiwa, akatafutiwa tiketi akarudishwa kwao, baadae akaja tena kwa bosi mwingine. Kwa hiyo kwenye hili hayumo. Wala hakuonekana kusikitika, alikua anatafuna tu. Akasema tiketi yangu ya ndege ilikua peso ngapi, na nyie mtapewa ngapi? Watu wakacheka. Mwenye shida keshalipwa zamani, na asiye na shida ndo yuko hapa anahangaika na simu haishiki netiwaki.

Ate usiku ule hakulala. Tulikua chumba kimoja, mwanga wa simu unanipiga machoni. Kaingia kwenye ule mfumo wao, anaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, anabonyeza. Haimo. Anaandika tena. Haimo. Nikamwambia lala Ate, kesho kuna wageni. Akaniambia kitu kimoja tu, "Sayang." Hilo neno mlijue maana halina mwenzake kwetu, ni kama hasara lakini hasara ya kitu kilichokua mkononi, embe limeiva limekudondokea likaingia mtaroni, hiyo ndo sayang.

Asubuhi akili ikaja, yeye anapiga pasi mi nakunja, akasimama katikati ya kanzu. "Inday! Mimi ni watu wawili!"

Kumbe bwana, wenzetu majina yao yana utaratibu wake. Sisi mwanamke wa pwani ukiolewa unabaki binti fulani wa fulani, hata uolewe mara tano. Wao mtoto anapewa jina lake, katikati linakaa jina la ukoo wa mama, mwisho jina la ukoo wa baba. Binti akiolewa akaamua kutumia jina la mume, jina la baba yake linasogea katikati, la mama linaanguka kabisa, mwisho linakaa la mume. Yani ukiangalia karatasi bila kumjua mtu unaapa hawa ni wawili tofauti. Na Ate alikua Hong Kong kwanza, kaenda 2007 bado msichana, kontrakti ya pili 2009, zote kwa jina la baba yake. 2011 karudi kwao, kaolewa harakaharaka, Agosti hiyohiyo kaondoka kuja Muscat na pasipoti mpya ya jina la mume. Baada ya hapo kaenda likizo 2014 kalipa, 2017 kalipa. Sasa piga hesabu. Msichana wa Hong Kong ana michango miwili. Mke wa mtu wa Muscat ana mitatu. Hakuna hata mmoja kati yao anayefika mitano, na wote wawili wamelala kitanda kimoja wanakoroma.

Hapo ndo kopo likavutwa uvunguni. Sikucheka tena. Zilikuwemo, risiti zote tano. Ile ya 2007 wino umefifia, unaisoma ukiielekeza dirishani tu, afu kuna doa kubwa la chai ya maziwa lililopita katikati ya tarakimu, lakini jina linaonekana na 25 inaonekana. Kailaza mezani jikoni pale juu ya kitambaa cha plastiki, anainyoosha kwa upande wa kijiko. Bibi akaingia kutafuta miwani yake akatukuta tumeinama kama tunasoma utenzi, akauliza kuna nini wanangu, tukamwelezea, akavuta kiti na yeye. Bibi anapenda mambo ya makaratasi, kwao walipotoka Unguja hati za nyumba walizibeba mpaka leo anazo, nyumba zenyewe haziko mikononi mwake tangu hiyo siku.

Bibi ndo aliyeuliza swali baya. "Mmesema yeye na familia yake wasiwe wamepokea kitu. Kwenu hakuna aliyepokea?"

Ate akanyamaza.

Kwao sio Iloilo mjini, ni Estancia, huko juu kaskazini, masaa matatu na ushee kwa basi, mji wa wavuvi, wanasema samaki wa pale analisha visiwa vingi. Kama Kigombe ya kwetu Tanga hivi lakini kubwa. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Yolanda, dunia nzima inakiita Haiyan, kilipita palepale. Watu wengi wanajua kilivyofanya mji wa Tacloban, lakini kilipotoka huko kilivuka kikaja kuvunja kaskazini ya Iloilo pia, na Estancia kulikua na tishari la kuzalisha umeme likapigwa kwenye mwamba mafuta yakamwagika pwani yote. Nyumba ya mama yake iliondoka paa. Lote. Ate anasema alikaa siku tatu Muscat hajui kama mama yake yuko hai, anapika, anapakua, anaosha, simu haiiti. Sasa baada ya kimbunga ilikuja misaada. Msaada wa kanisa, wa manispaa, wa wazungu wenye fulana, wa wachina, mchele, mabati, maturubai, pesa kwenye bahasha. Na kila msaada una karatasi ya kusaini.

Kapiga simu palepale, kaweka spika. Sikuelewa maneno lakini nilielewa yote. Anauliza, Nanay, mwaka ule wa kimbunga ulisaini kwa nani. Kule mama mtu mzima anaongea na kuku wanasikika, anataja, anataja, anasahau, anarudi nyuma. Mwishoni Ate akaniangalia akatafsiri, "Anasema kasaini zote."

Jamani. Miaka 10 ya kupiga pasi kanzu za watu, inakuja kuamuliwa na bibi kizee aliyesaini karatasi amesimama kwenye matope hana paa. Na ungemlaumu kwa lipi, hata wangempa karatasi ya kuuza bahari angesaini.

Kilichomuokoa ni uzembe wake mwenyewe. Mchango wa 2011 ulimalizika Agosti 2013 na yeye mwaka ule hakwenda likizo, bosi aliomba abaki kuna harusi, na yeye kwa kua hapiti airport wala hatafuti karatasi ya kutokea, ile ya serikali yao ya kumruhusu mtu kurudi kazini nje, akajisahau hakulipa. Kwa hiyo Yolanda inapiga Novemba yeye OWWA yake imelala miezi mitatu. Baadae 2014 alipokwenda kuezeka nyumba ndo akalipa tena. Wakati ule alijilaumu sana, kwamba angekua hai kwenye vitabu vyao pengine angegusa hata elfu mbili tatu za kusaidia. Sasa 2019 anakaa anashukuru kwamba hakugusa. Mi hapo nilishindwa kuelewa tunashangilia nini hasa, lakini tulishangilia, bibi akasema tutie chai.

Kuna kitu kingine kilikua kinamuuma na hakukisema siku ile, kakisema baadae tunaosha mashuka. Ile skolashipu. Mtu akiwa hajaolewa anaweza kumwombea hata ndugu yake wa damu, na yeye 2007 mpaka 2011 alikua hajaolewa, na mdogo wake wa kiume alikua anafaulu vizuri tu, akaishia kuacha chuo mwaka wa pili akaingia kwenye boti. Peso elfu 60 kwa mwaka. Alikua hajui kama kipo. Kwenye semina ya kabla ya kuondoka walisema, nadhani walisema, lakini kulikua na watu mia na yeye kichwani anawaza ndege, hajawahi kupanda ndege. "Sayang," akasema tena, akakamua shuka kwa nguvu mpaka maji yakanirukia.

Mimi hapa ndo nakosana na hii sheria yao, niseme ukweli. Naelewa nia. Watu wamelipa miaka na miaka, wanaona mfuko mkubwa, wananung'unika zinakwenda wapi, basi warudishiwe kidogo wajue wanakumbukwa. Na nimeambiwa huo mfuko kwa sheria hiyohiyo ni amana ya wafanyakazi, serikali haitakiwi kuuchanganya na hela zake, hilo zuri. Lakini ukilitazama sana, ukweli ni kwamba anayezawadiwa ni mwenye bahati na asiyejua. Mwenye bahati sawa. Asiyejua je? Huyo alitakiwa afuatwe aambiwe mapema, dada, una mdogo wako anafaulu, leta jina. Ukimwacha miaka 10 afu ukamrudishia chenji, hiyo chenji ndani yake kuna chuo cha mtu.

Ate hakubaliani na mimi. Anasema naongea kama mtu ambaye hana chama.

Na kweli, sina. Siku ile ya mashuka aliniuliza, na wewe Inday, unalipa wapi? Nikamwambia silipi popote. Akadhani hajasikia. Kwenu ukifa hapa nani analeta maiti? Nikamwambia watachangishana kwenye wasap. Akaniuliza, sasa nani anajua kama uko hapa? Nikawaza. Nikamwambia, mama.

Niliondoka kwa dalali, viza ya kutembea, nikaja kubadilishiwa huku. Mshahara wangu rial 80, wa Ate 160, kazi moja, chumba kimoja, mashuka yaleyale, kwa sababu serikali yao tangu miaka ya 2006 na 2007 ilishasema mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino hatoki kwa chini ya dola 400, ndo kiwango cha wakati ule, na bosi akitaka kontrakti ipite ilikua lazima aandike hivyo. Tukivuja jasho linatoka sawa lakini lake lina muhuri. Sikumwonea wivu, au niseme nilimwonea wivu lakini sio wa rial 80, nilimwonea wivu wa lile kopo.

Januari 2020 akaenda likizo. Alitua Manila siku mbili kabla ya volkano ya Taal kulipuka, ile ya tarehe 12, mi naona kwenye taarifa ya habari airport imefungwa majivu yanaanguka nalia peke yangu jikoni, kumbe yeye keshafika Estancia anakula samaki na hata hajui. Akaagiza kwanza cheti cha ndoa kile rasmi kutoka mamlaka yao ya takwimu, maana kwao vyeti vya kuzaliwa na ndoa vinatoka huko, ndo karatasi pekee duniani yenye majina yake yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Afu akapanda basi la alfajiri kwenda mjini ofisi ya mkoa. Kopo kalipakata mapajani masaa matatu. Kanitumia voisi noti akiwa kwenye foleni, nyuma yake ngoma zinalia kama siku ya Maulidi, wiki hiyo Iloilo walikua wanajiandaa na Dinagyang, sherehe yao kubwa ya mtoto Yesu ya kila Januari, vijana wanafanya mazoezi barabarani wamejipaka masizi. Ananong'ona kwenye simu, Inday, mbele yangu watu 30, wote wana bahasha, mi peke yangu nina kopo la biskuti, mlinzi kaniuliza kama nauza.

Dirishani alimkuta dada mmoja kijana sana. Kapokea, kapanga, kaangalia cheti cha ndoa, kaangalia risiti ya 2007 kainua kwenye taa. Ate anasema pale moyo ulisimama, kwa lile doa. Dada akauliza, hii ni kahawa? Akamjibu chai, ya mtoto niliyekua namlea Hong Kong, alimwaga yeye, saivi mtoto huyo yuko chuo. Dada wa dirishani akacheka, akaanza kutaipu. Akawaunganisha wale wanawake wawili kwenye kompyuta. Mmoja, mbili, tatu, nne, tano.

Peso mia tisa na ushee.

Nasema tena, mia tisa. Mi nikaipigia hesabu haraka, ilikua haifiki hata dola 20, kwa hela yetu elfu arobaini na kidogo. Katoa dola 125 ndani ya miaka yote ile karudishiwa chini ya 20. Nauli ya basi kwenda na kurudi, hela ya cheti, chakula cha njiani, sijui kilibaki nini. Wenye michango mingi zaidi yake walipata zaidi, lakini yeye tano zake ndo zilikua hizo. Nikamwandikia, Ate pole. Akanijibu kwa picha. Bakuli tano za batchoy, hiyo ni supu ya tambi ya kwao, asili yake soko la La Paz hapohapo mjini, ina maini na mafuta ya uboho na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa juu, samahani kwa wasiokula, mi mwenyewe nliangalia tu mvuke. Yeye, mume, watoto wawili, na yule mdogo wake wa kwenye boti. Mdogo mtu kashika kijiko juu kama kikombe cha ubingwa. Chini Ate kaandika, "OWWA kanilisha leo."

Bibi nilipomwonyesha ile picha alivaa miwani akaitazama sana. Akauliza wamempa ngapi, nikamwambia. Akafikiri. Akasema, "Basi hawakumsahau jina," akanirudishia simu akaenda kuswali. Mi mpaka leo sijui kama alikua anamsifia mtu au anajisemea mwenyewe.

Ila sehemu nnayoipenda kuliko zote ni hii, na kama hakuniambia kwa kinywa chake nisingeamini. Likizo inaisha, Februari, anataka karatasi ya kutokea, na mchango wake wa 2017 ulishaisha siku nyingi. Akarudi mjini, akapanga foleni tena, akalipa dola 25. Kwa peso ni kama elfu moja mia mbili na kitu, yani walichompa Januari wakakichukua Februari na akaongezea vya kwake mfukoni. Akanipigia akiwa nje ya ofisi, anacheka mpaka anakohoa. Nikamuuliza sasa unacheka nini, umeliwa. Akasema hapana, nimeanza moja tena, nikimaliza hizi nyingine tano nina miaka 50 na ushee, tutakula batchoy mimi na wewe.

Aliwahi ndege. Mwezi uliofuata anga likafungwa kila mahali, wengine tuliowaacha kwenye zile ngazi za Ruwi walikwama kwao, wengine walikwama hukuhuku Muscat, na wengi walikuja kurudishwa makwao kwa mfuko huohuo wa dola 25, hao tena habari ya kurudishiwa chenji wameshaiaga.

Alipofika nyumbani kwa bibi, kabla hata ya kuvua viatu, alitoa ile risiti mpya akaiweka juu ya mashine ya kufulia akaipiga picha mbele, akaigeuza akaipiga na nyuma ambako hakuna kitu kimeandikwa, akanitumia. Nikamwambia ya nini sasa, si uko nayo. Akasema kopo linaweza kuungua, wewe nitunzie.

Nimebadilisha simu mara mbili tangu hapo. Bado ninayo, zote mbili, mpaka ile ya nyuma nyeupe.